Hodi Isiyo na Mlango: Historia Fupi ya Adabu ya Simu Hadharani nchini Kenya

Utangulizi

Tarehe 3 Aprili 1973, mhandisi Martin Cooper wa kampuni ya Motorola alisimama kando ya barabara mjini New York akapiga simu kwa chombo alichokishika mkononi. Simu hiyo, ambayo huhesabiwa kuwa ya kwanza ya aina yake, haikupigwa ofisini wala nyumbani. Ilipigwa njiani, mahali penye wapita njia. Tangu siku ya kuzaliwa kwake, basi, simu ya mkononi ilikuwa chombo cha hadharani, na suala la adabu ya kuitumia mbele za watu lilizaliwa pamoja nayo.

Nchini Kenya suala hilo huzungumzwa aghalabu kwa njia ya malalamiko. Husemwa kwamba simu imeua adabu. Kwamba abiria huanika ugomvi wa ndoa ndani ya matatu. Kwamba kijana hupokea simu katikati ya maneno ya mzee. Kwamba milio husikika msikitini, kanisani na makaburini. Malalamiko haya yana dai moja lililojificha ndani yake, nalo ni kwamba hapo zamani mazungumzo ya simu yalikuwa jambo la faragha, na kwamba simu ya mkononi ndiyo iliyoyatoa ndani ikayamwaga barabarani.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dai hilo halina msingi wa kihistoria. Kwa Wakenya walio wengi simu haikupata kuwa jambo la faragha hata siku moja. Kilichobadilika si mahali pa kuzungumzia, bali ni kuondoka kwa walinzi wawili waliokuwa wakiutunza ulimi wa msemaji, yaani foleni na bei. Aidha, itaonyeshwa kwamba Kiswahili kina desturi ya hodi, ambayo iliwahi kuwapa watumiaji wa simu njia ya kustahiana, na ambayo ingali hai kwa sura nyingine.

Hodi na Faragha kabla ya Simu

Nyumba za mawe za mji wa Lamu, nyingi zikiwa za karne ya 18 na ya 19, zinaonyesha kwa mpango wake jinsi jamii ya Waswahili ilivyoigawa faragha katika daraja. Penye mlango wa mbele pana daka, ukumbi mdogo wenye viti vya mawe, ambapo mwenye nyumba huzungumza na watu wasiolazimika kuingia. Baada ya daka huja kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, kisha misana, na mwisho kabisa ndani, mahali pa wenyewe. Mgeni wa kulala alikuwa na chumba chake, sabule, ili asipite pasipompasa. Kila hatua kutoka njiani kuelekea ndani ilihitaji ruhusa, na ruhusa hiyo iliombwa kwa neno moja, hodi.

Desturi ya hodi ina kanuni tatu. Kwanza, anayekuja ndiye anayetangulia kusema. Pili, mwenyeji ana haki ya kuitikia "karibu", au kumwambia mgeni angoje kidogo, au kunyamaza kimya. Tatu, hodi ina kikomo. Ikipigwa mara tatu pasipo jibu, mgeni hurudi alikotoka bila ya kinyongo. Kanuni hizi zilitiliwa nguvu na mafundisho ya Kiislamu. Kurani, katika sura ya An-Nur, aya ya 27 na ya 28, inawakataza waumini kuingia nyumba za wengine bila ya kuomba ruhusa na kutoa salamu, na inawaagiza warudi wakiambiwa warudi. Idadi ya mara tatu nayo imetajwa katika hadithi za Mtume. Kiswahili kilipoenea bara, neno hodi liliandamana nacho, hata likawa mali ya kila mtu, awe Mwislamu au asiwe.

Emanuel Schegloff, katika uchunguzi wake wa mwaka 1968 juu ya jinsi mazungumzo yanavyofunguliwa, alieleza kwamba mlio wa simu ni wito, na kwamba neno la kwanza la anayepokea ni jibu la wito huo. Kwa mtazamo huu mlio wa simu ni hodi. Hata hivyo, ni hodi yenye kasoro. Katika hodi ya mlangoni anayekuja husema kwanza, lakini katika simu anayepokea ndiye anayetangulia kusema "halo". Mzee akipigiwa na mjukuu wake hulazimika kufungua kinywa kabla ya kuamkiwa, jambo ambalo ana kwa ana lingehesabiwa kuwa ni kinyume cha mambo. Waswahili walilitatua tatizo hili kwa kutoihesabu "halo" kuwa salamu. Halo ni "karibu" iliyotangulia hodi. Salamu yenyewe, ikiwa ni "shikamoo" au "salaam alaikum", huja baadaye, na hutoka kwa yule aliyepiga.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi, na haikutatuliwa kwa urahisi. Anayebisha hodi mlangoni anaujua mlango anaoubisha. Anayempigia mtu simu ya mkononi hajui. Huenda anabisha chumba cha wagonjwa, au mahakama, au matanga, au kiti cha nyuma cha basi penye watu kumi. Na hodi yake haisikiwi na mwenyeji peke yake, bali na wote walio karibu naye, ambao hawakuitwa. Hiyo ndiyo hodi isiyo na mlango.

Simu ya Waya: Kaunta na Foleni

Neno simu lina asili ya Kifarsi, ambamo sim ni waya. Katika Kiswahili lilitumika kwanza kwa telegrafu. Waya wa baharini kutoka Aden ulifikishwa Unguja mwaka 1879 ukaendelea kusini hadi Msumbiji na Durban. Na reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani Kisumu mwaka 1901 iliandamana na nguzo na nyaya zake. Kupiga simu kulikuwa ni kupeleka habari kwa telegrafu, na ile karatasi iliyopokelewa nayo iliitwa simu.

Telegrafu ililipiwa kwa hesabu ya maneno. Mtu aliyetaka kuwaarifu jamaa zake juu ya maradhi au kifo hakuwa na budi kuziacha salamu, kuyaacha maelezo, na kubakiza maneno machache yaliyobeba jambo lenyewe. Tena maneno hayo aliyatoa mbele ya karani, ambaye aliyasoma na kuyahesabu moja moja. Tangu mwanzo, basi, simu katika Afrika Mashariki ilikuwa na sifa mbili: ilisemwa mbele ya mtu wa tatu, na ilisemwa kwa kupimwa.

Simu ya kusemea ilipokuja ilifuata nyayo hizo hizo. Katika enzi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki huduma hii iliendeshwa na shirika la pamoja la nchi tatu. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 Kenya iliunda Shirika lake la Posta na Simu. Hata hivyo, chombo chenyewe kilibaki adimu. Sensa ya mwaka 1999 ilihesabu watu milioni 28.7, ilhali laini za waya zilikuwa takriban 300,000 tu, na nyingi zilikuwa mijini na katika maofisi. Mkenya wa kawaida alizungumza kwa simu akiwa amesimama. Alizungumzia katika kibanda kando ya posta, au dukani mwenye duka akihesabu dakika, au katika ofisi ya mwalimu mkuu. Simu za masafa ya mbali zilipitia kwa opereta, naye aliweza kusikia. Mara nyingi hata mwenye habari hakuzungumza mwenyewe. Alimwachia mwenye simu ujumbe, na mtoto akatumwa kuupeleka nyumbani kwa mhusika.

Mazingira haya yalizaa adabu yake. Katika foleni ya kibanda, aliyefuata alisimama hatua chache nyuma na kugeuza uso. Aliyezungumza sana alikoholewa, na akizidi, sarafu iligongwa kwenye kioo. Ndani ya kibanda msemaji aliinamisha kichwa na kuifunika midomo kwa kiganja. Erving Goffman, katika kitabu chake cha mwaka 1963 kuhusu mwenendo wa watu mahali pa hadhara, alieleza desturi ya watu wasiojuana ya kutambuana kwa jicho mara moja, kisha kila mmoja kumwachia mwenzake shughuli zake. Kiswahili kina usemi unaokaribia maana hiyo, nao ni kujitia hamnazo. Anayejitia hamnazo amesikia, lakini anatenda kama asiyesikia. Na katika foleni ya simu kufanya hivyo hakukuwa unafiki, bali kulikuwa ni kumsetiri mtu.

Ni muhimu kutambua kwamba ustahimilivu huu haukutokana na wema wa watu wa zamani peke yake. Foleni ilijua kwamba sarafu zitakwisha. Aliyejitia hamnazo alijua kwamba muda wa kufanya hivyo ni mfupi, na kwamba zamu yake inakuja.

Bei kama Mlinzi wa Ulimi

Huduma ya simu za mkononi ilianzishwa nchini mwanzoni mwa miaka ya 1990 chini ya Shirika la Posta na Simu. Chombo kimoja kiligharimu takriban shilingi 250,000, na hadi mwaka 1999 watumiaji hawakufika 20,000. Katika miaka hiyo simu ilikuwa alama ya cheo. Iliwekwa juu ya meza ya hoteli ili ionekane, na ilipolia watu waligeuka kwa kustaajabu wala si kwa kuudhika. Hakuna aliyefikiri kutunga kanuni za adabu kwa ajili ya chombo ambacho hakukitarajia mkononi mwake.

Mambo yalibadilika kwa haraka. Sheria ya mawasiliano ya mwaka 1998 iliwezesha shirika hilo kugawanywa mwaka 1999, shughuli za simu zikawekwa chini ya Telkom Kenya. Mwaka 2000 ushindani ulianza baina ya Safaricom, ambayo kampuni ya Vodafone ya Uingereza ilikuwa imenunua hisa ndani yake, na KenCell, ambayo baadaye ilibadilisha jina mara tatu: Celtel mwaka 2004, Zain mwaka 2008 na Airtel mwaka 2010. Kadi za kulipia kabla ya kuzungumza zilimwezesha hata mtu asiye na mshahara kuwa na laini yake. Lakini kuwa na laini si sawa na kuwa na salio. Chombo kilifika mikononi mwa wengi kabla ya mazungumzo kuwa rahisi, na katika pengo hilo bei ilichukua nafasi ya foleni.

Athari yake katika lugha ilikuwa dhahiri. Salamu za Kiswahili kwa desturi ni ndefu. Huulizwa hali ya mtu, ya watoto, ya wazee, ya kazi na ya mvua, na kila swali lina jibu lake. Chini ya bei ya dakika, salamu hizi zilinyofolewa hadi kubaki neno moja. Kuagana nako kulipotea, kwani mara nyingi salio lilikwisha kabla ya msemaji kumaliza sentensi. Wazee walilalamika kwamba wanasemeshwa kama karani wa posta. Kwa upande mwingine, abiria aliyeketi karibu na msemaji hakuwa na la kulalamikia, kwa kuwa mazungumzo yalikwisha kabla ya kumchosha.

Sarufi yenyewe ilitumiwa kulinda heshima. Mazungumzo yanapokoma ghafla, msemaji wa Kiswahili ana njia tatu za kulieleza tukio hilo. Akisema "simu ilikatika", kauli ya kutendeka haimtaji mtenda, na lawama huangukia salio au mtandao. Akisema "alikata simu", mtenda amejulikana. Akisema "alinikatia simu", kauli ya kutendea imekwisha kumfanya yeye kuwa aliyetendewa ubaya, na hapo ugomvi umeanza. Watu wengi waliokatiana simu kwa hasira walipatana siku ya pili kwa sababu mmoja wao alikubali kusema kwamba ilikatika.

Kuflashi: Hodi kwa Mlio Mmoja

Katika pengo hilo hilo baina ya chombo na salio ilizuka desturi ambayo Kenya iliitwa kuflashi na Tanzania kubipu. Mtu alipiga simu, akaiacha ilie mara moja au mbili, kisha akaikata kabla haijapokewa. Jonathan Donner, aliyeichunguza desturi hii hasa nchini Rwanda na kutoa matokeo yake mwaka 2007, alitambua makusudi yake makuu: kumwomba mwingine apige, kupeleka ujumbe uliokubaliwa mapema, na kumkumbusha mtu kwamba anakumbukwa. Alionyesha pia kwamba desturi hiyo ilikuwa na sheria, na mojawapo ni kwamba mwenye uwezo zaidi ndiye anayepiga na kulipa.

Wakenya walizijua sheria hizo bila ya kufundishwa. Mtoto alimflashi mzazi, wala mzazi hakumflashi mtoto anayesoma. Kijana aliyemposa msichana kisha akawa anamflashi alijitia aibu mwenyewe. Flashi moja iliweza kuwa na maana ya "nimefika salama", na mbili zikawa "toka nje, niko mlangoni". Kuipokea flashi ilikuwa utovu wa adabu, kwa sababu aliyepokea alimla mwenziwe salio lake la mwisho. Makampuni yenyewe yaliitambua desturi hii yakaanzisha ujumbe wa bure wa kumwomba mtu apige.

Wengi waliiona flashi kuwa ni ombaomba ya kisasa. Ikitazamwa kwa jicho la historia ya lugha, hata hivyo, flashi ni hodi iliyotimia. Inamtangaza anayekuja, haimlazimishi mwenyeji kuitikia papo hapo, na inamwachia achague mahali na wakati wa kujibu. Aliyeflashiwa akiwa ndani ya matatu aliweza kungoja hadi ashuke. Isitoshe, flashi ilikuwa ndiyo simu yenye staha kuliko zote mbele za watu, maana haikuwa na neno hata moja la kusikiwa.

Desturi hiyo haikudumu katika nguvu yake. Mwezi wa Agosti 2010 Tume ya Mawasiliano ilipunguza ada ambayo kampuni moja huilipa nyingine kwa kuunganisha simu, kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 kwa dakika, na bei za kupiga zikashuka hadi kiasi cha shilingi 3 kwa dakika. Kufikia mwaka 2020 idadi ya laini zilizotumika ilikuwa imezidi idadi ya wananchi, ambao sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu kuwa milioni 47.6. Mlinzi wa kwanza, foleni, alikuwa amekwisha kuondoka. Sasa na wa pili alikuwa ameaga.

Adabu Mbili Zinapogongana

Bei iliposhuka, jambo la kwanza lililorudi ni salamu. Hili ni jambo la kufurahiwa, na ndilo pia chimbuko la tatizo. Mtu anayepigiwa na mamake mkubwa kutoka kijijini hawezi kumjibu kwa neno moja. Ni lazima amwamkie, amwulize hali, asikilize habari ya ng'ombe na ya jirani aliyelazwa, na apaze sauti kwa kuwa mama huyo hasikii vizuri. Akifanya hivyo ndani ya basi, amemheshimu aliye mbali na kuwakosea walio karibu. Akifupisha ili kuwastahi abiria, amewaheshimu wasiomjua na kumvunjia heshima aliyemlea. Kwa hiyo si kweli kwamba adabu imekufa. Adabu mbili, zote halali, zimekutana katika kiti kimoja.

Jambo hili ndilo linaloifanya kanuni ya "zungumza kwa ufupi uwapo hadharani" kuwa ngumu kupandikizwa. Nchini Japani makampuni ya reli yaliwazoeza abiria kuzinyamazisha simu na kutozungumza garini, na kanuni hiyo ikashika. Lakini behewa la huko lilikuwa na ukimya wa kulindwa. Matatu ya Kenya haijapata kuwa na ukimya. Ina muziki, ina kondakta, na kwa abiria wengi ni baraza inayotembea. Hata kanuni zilizotekelezwa kuanzia Februari 2004 chini ya Waziri John Michuki, zilizoleta mikanda na vidhibiti mwendo, hazikuifanya kuwa mahali pa kimya. Abiria wa Kenya anapoudhika na simu ya jirani yake, mara nyingi hakuudhishwa na kelele, bali ameudhishwa na siri. Amelazimishwa kujua asilotaka kujua, na hana pa kugeuzia sikio. Inafaa kukumbukwa kwamba neno rununu, kabla ya kuhusishwa na simu ya mkononi, lilikuwa na maana ya minong'ono na uvumi.

Wasemaji hawakukaa bila ya kutafuta njia. Ya kwanza ni kubadilisha lugha. Katika Nairobi msemaji hutoka Kiswahili akaingia Kikamba, Kikuyu au Kijaluo pale mazungumzo yanapofika kwenye fedha au maradhi, na abiria wenzake huelewa kwamba pazia limeshushwa, hata kama baadhi yao wanaijua lugha hiyo. Pwani desturi ya kusetiri maneno mbele za watu ni ya kale zaidi, kwani kinyume, mchezo wa kugeuza silabi za maneno, na usemi wa mafumbo vilikuwapo kabla ya waya wa kwanza kufika.

Njia ya pili ni swali "uko wapi?". Katika enzi ya simu ya waya swali hilo halikuwa na maana, kwa sababu aliyepiga alijua mahali alipopiga. Kwa simu ya mkononi limekuwa karibu sehemu ya salamu. Wako wanaoliona kuwa ni upelelezi, na katika nyumba nyingine limekuwa hivyo. Lakini kazi yake ya asili ni nyingine: anayeuliza "uko wapi?" anautafuta mlango ambao hodi yake imeukosa. Jibu "niko garini" au "niko msibani" linamaanisha kwamba hapa hapasemeki, na mpigaji mwenye adabu huitikia, "haya, tutaongea ukifika". Kwa jibu hilo mama mkubwa wa kijijini hakuvunjiwa heshima na abiria hawakuudhiwa. Fungu hili la maneno machache ndilo adabu mpya iliyotungwa na wasemaji wenyewe.

Kwa sababu hiyo, uongo wa mahali si kosa dogo kama unavyochukuliwa. Kila msafiri wa Nairobi amepata kumsikia mtu akisema kwa sauti kuu kwamba anaingia mjini, ilhali gari limekwama mbali, na abiria wote wakajitia hamnazo. Mzaha huo una gharama. Jibu la "uko wapi?" likikosa kuaminika, "niko garini" nayo huanza kusikika kama kisingizio, na msemaji aliyesema kweli hulazimishwa kuendelea kuzungumza ili kuthibitisha kwamba hakwepi.

Hali ni hiyo hiyo kwa neno mteja. Sauti iliyorekodiwa, inayomwarifu mpigaji kwamba mteja hapatikani, iliwafanya Wakenya waseme "simu yake ni mteja", na neno la mnunuzi likawa neno la asiyekuwapo. Kimsingi kuzima simu ni kufunga mlango, haki ambayo hodi ilimpa kila mwenyeji. Lakini leo aliyekuwa mteja kwa saa mbili hudaiwa maelezo, na asiyepokea hupigiwa mara saba au nane mfululizo. Katika hesabu ya hodi, mara nne au tano za mwisho hazina ruhusa.

Mabango na Sheria

Walinzi wa zamani walipoondoka, taasisi zilijaribu kuweka wengine. Kumbi za benki zilibandika mabango ya kukataza simu, kwa sababu ya usalama zaidi kuliko adabu. Kanuni za makosa madogo ya barabarani za mwaka 2016 zilimtoza dereva anayetumia simu gari likienda faini ya shilingi 2,000. Misikiti na makanisa yaliandika kwenye kuta na milango.

Lugha ya mabango hayo inafaa kuzingatiwa. "Zima simu" ni amri kwa mtu mmoja, na kwa mtu mzima inakaribia kuwa kemeo. "Tafadhali zima simu yako" inaipunguza makali. "Simu zizimwe" haimtaji mtu. Inasema juu ya simu, na kumwachia kila msomaji ajihesabu mwenyewe. Ni umbo hili la mwisho linaloafikiana na desturi ya Kiswahili ya kukosoa bila ya kunyosha kidole, na taasisi ambazo hutaka kutiiwa pasipo kuudhi zingefaidika kwa kulichagua. Hata hivyo, bango hutawala pale lilipobandikwa tu. Matatu, hospitali yenye foleni ndefu, na nyumba ya matanga haviwezi kutawaliwa kwa ubao.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba mazungumzo ya simu nchini Kenya yalianza hadharani na kubaki hadharani, tangu kaunta ya telegrafu hadi kibanda cha posta na kiti cha matatu. Adabu iliyosifiwa ya zamani ilitunzwa kwa sehemu kubwa na foleni na bei. Walinzi hao hawatarudi, wala haifai kutamani warudi, kwa kuwa bei hiyo hiyo iliyomnyamazisha msemaji wa basini ndiyo iliyomnyima mama wa kijijini sauti ya mwanawe.

Kwa hiyo anayelaumu kizazi cha sasa kwa kupoteza adabu analaumu pasipostahili. Kizazi hiki ndicho cha kwanza kutakiwa kuitunza adabu ya simu kwa hiari tupu, bila ya msaada wa sarafu. Wala hakianzi mikono mitupu. Wengi, hasa vijana, huandika ujumbe mfupi kabla ya kupiga: "Una nafasi?", "Naweza kukupigia?" Ujumbe huo hauna sauti, unamngoja mwenyeji, na unakubali kutojibiwa. Ni flashi iliyopata maneno, na flashi nayo ilikuwa hodi. Yafaa walimu wa Kiswahili wautaje kwa jina hilo darasani, pamoja na kanuni zake tatu, ikiwamo ile ya kurudi bila ya kinyongo. Mwanafunzi akielewa kwamba anabisha mlango asiouona, hatahitaji bango la kumwambia asubiri.